Kabla ya Kusema "Hana Kipaji", Angalieni Kiti

 

Mwezi huu tunaongea juu ya jambo ambalo wengi wanaliona dogo: namna ya kukaa kwenye kinanda. Kwaya nyingi zinataka kinanda siku hizi, na watoto wanapanga mstari ili wajaribu. Lakini sisi walimu wa kujitolea tumeona kitu. Mtoto anaanza na furaha, wiki ya pili analalamika mgongo na shingo, wiki ya tatu haonekani tena. Watu wanasema, "Huyo hana kipaji." Kumbe mara nyingi kilichomshinda si muziki, ni kiti.

Shida inatoka wapi?

Piano ilibuniwa Italia na Bartolomeo Cristofori, karibu mwaka 1700. Piano ya kawaida ina vibonye vilivyo sentimita 70 na kitu kutoka chini, na benchi nyingi za piano zinapandishwa na kushushwa. Kinanda chetu hakina benchi yake. Tunakiweka juu ya dawati au meza ya kanisa, na mchezaji anavuta chochote kilicho karibu: kiti cha plastiki, fomu ya mbao, hata jerikani. Basi meza iko juu, kiti kiko chini. Mabega yanapanda mpaka karibu na masikio, na vifundo vya mikono vinapinda.

Vidole vinapata nguvu kutoka uzito wa mkono mzima, bega likiwa limetulia. Bega likishikilia mkono hewani, vidole vinafanya kazi peke yao, na vinachoka haraka.

Mkae hivi

1. Kaa nusu ya mbele ya kiti, usiegemee nyuma. Mgongo uwe wima lakini si mgumu kama wa askari kwenye gwaride.

2. Pima kimo. Acha mikono ining'inie, kisha kunja viwiko uweke vidole kwenye vibonye. Kiwiko kiwe sawa na vibonye, au juu kidogo tu. Kikiwa chini, pandisha kiti kwa mbao au blanketi lililokunjwa vizuri. Kipande cha godoro hakifai, kinazama.

3. Pima umbali. Nyoosha mikono mbele ukiwa umekunja ngumi: ngumi zifike mwisho wa vibonye, upande wa mbali. Ukikaa karibu sana, viwiko vinabanwa na mbavu. Ukikaa mbali, unainama.

4. Nyayo zote mbili ziguse chini. Kwa mtoto ambaye miguu inaning'inia, weka matofali mawili au sanduku imara.

5. Shusha mabega, pumua. Kila baada ya dakika 15, simama na unyooshe mgongo. Kuchoka kidogo ni kawaida, maumivu si kawaida. Ukisikia maumivu, acha kwanza. Kama ganzi ya vidole inarudi kila siku, nenda kituo cha afya.

Mama anayecheza na mtoto mgongoni, tunaomba ampe mwenzake ambebee kidogo. Uzito ule unavuta mabega.

Adungu inatufundisha

Wachezaji wa adungu hapa West Nile wanajua habari hii zamani. Waangalieni Waalur, wa Nebbi au wa ng'ambo huko Mahagi. Adungu ndogo inapakatwa, inakaa karibu na mwili. Ile kubwa yenye sauti nzito inawekwa chini, na mchezaji anatafuta kigoda cha kufaa mpaka mikono ifike kwenye nyuzi bila kujilazimisha. Hawaanzi kupiga kabla hawajakaa vizuri.

Huko Kanada alikuwepo mpiga piano mkubwa, Glenn Gould (1932–1982). Yeye alipenda kukaa chini sana kuliko wanavyofundisha walimu wengi. Mwaka 1953 baba yake alimkatia miguu ya kiti cha kukunja, kikabaki na kimo cha sentimita 35 hivi. Gould alikitumia kiti hicho miaka yote iliyofuata, hata kilipochakaa. Hatusemi watoto wakae chini kama yeye. Tunasema miili haifanani, na mzazi mwenye msumeno anaweza kusaidia sana.

Kazi ya nyumbani kwa wazazi

Wazazi mnaojua useremala, tunaomba vipande vya mbao vinne au vitano, vipana kama kiti, unene sentimita mbili mbili, vilivyolainishwa. Tutavipanga juu ya fomu na kuvifunga visiteleze. Kila mtoto ajue namba yake: mdogo mbao nne, kaka yake mbao mbili. Kinanda ni kimoja, lakini kila mtu atakuwa na kiti chake.

Hesabu hiyo hiyo inafaa kwenye dawati la kuandikia na kwenye cherehani. Mtoto anayeandika akiwa amepandisha mabega naye anateseka kimya kimya, halafu tunamwita mvivu.

Kwa hiyo mtoto akisema amechoka, msimkemee haraka. Angalieni kwanza viwiko vyake, halafu miguu. Na wale walioacha, warudisheni. Mbao zikipatikana tutaanza nao upya.

Ni sisi, walimu wenu wa kujitolea.