Amri Zinazowekwa Kando: Tuzitumie au Tuziache?

Limezuka swali miongoni mwa vijana wetu wanaoandika programu za kompyuta, kuanzia hapa Gungu hadi Visiwani, nalo linawahusu pia wakuu wa ofisi: je, yafaa kuendelea kutumia amri za lugha ya kompyuta ambazo huenda zikaondolewa?

Sisi tunasema tetesi si tangazo. Amri inayosemwasemwa tu haina sababu ya kukimbiwa. Lakini ile ambayo wenye lugha wamekwisha kuandika katika vitabu vyao rasmi kwamba imewekwa kando, isiingizwe kamwe katika programu mpya.

Tazameni PHP, lugha iliyobeba tovuti nyingi duniani. Ilikuwa na kundi la amri za kuzungumza na hifadhidata ya MySQL. Mwaka 2013 toleo la 5.5 lilitoa onyo. Desemba 2015 toleo la 7.0 likaziondoa kabisa. Aliyehamia huko bila kubadili maandishi yake aliikuta programu imekwama. Aliyekataa kuhama alikosa marekebisho ya usalama tangu 2018 ilipomalizika, na hilo ndilo baya zaidi, kwani katika mifumo ya namna hiyo huwekwa majina ya wagonjwa, ada za wanafunzi na mapato ya umma.

Tutajibiwa kuwa Java iliiweka kando amri ya kuikatiza kazi kwa nguvu mwaka 1998, lakini ikaendelea kutumika hadi 2023. Ni kweli. Hata hivyo, haikuwekwa kando kwa uzee, bali kwa kuwa iliweza kuziacha kumbukumbu nusu-nusu, na hatari hiyo haikupungua kwa miaka yote 25.

Wala hatusemi kila cha zamani kitupwe. Meli ya Liemba ilishushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa 1916, ikaopolewa 1924 na kurudi kazini 1927. Katika miaka ya 1970 mitambo yake ya mvuke iling'olewa, ikafungwa ya dizeli; bodi likabaki lile lile. Na programu vivyo hivyo: hung'olewa kilichokwisha muda wake, kazi ikaendelea.

Lakini kung'oa kuna gharama. Kwa hiyo tunawaomba maofisa wanaotia saini mikataba waulize programu imeandikwa kwa toleo lipi, na watenge fedha za matengenezo katika bajeti ya kila mwaka. Kijana wa Gungu aliyelipwa mara moja hawezi kudaiwa arudi bure baada ya miaka mitano, eti mtambo umegoma.