Kifua Kikibana, Funga Duka Kwanza

Leo siongelei bei wala picha za bidhaa. Naongelea kifua, maana sisi wa kuuza mtandaoni tuna tabia moja: mwili ukigoma tunasema "ngoja nimalizie hizi oda."

Nina mama mmoja wa huku ziwani, upande wa Mbamba Bay, ndiye ananikaushia usipa ninaouza Mbinga na kutuma mikoani. Mwaka jana alinipigia asubuhi: "Mwanangu, mzigo utachelewa, gesi imenishika." Alikuwa anatoka jasho la baridi, kichefuchefu, na mkono wa kushoto mzito. Alitaka anywe soda apumzike, kisha afunge viroba. Binti yake akakataa, akatafuta gari. Hospitali wakasema ni shambulio la moyo. Yupo hai, anakunywa dawa kila siku, na viroba sasa wanabeba vijana.

Nikaanza kusoma. Kumbe moyo nao una mishipa yake ya kuulisha damu. Mafuta yakijijenga humo kwa miaka, siku moja pale juu damu inaganda, mshipa unaziba, na sehemu ya msuli wa moyo inaanza kufa. Inakufa kidogo kidogo, dakika hadi saa. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa anajibu wateja inbox huku moyo unaharibika. Na dawa za kuyeyusha damu iliyoganda zina faida kubwa saa za mwanzo, baadaye zinapungua nguvu.

Kuna utafiti ulifanyika hospitali ya KCMC, Moshi, mwaka 2019. Wagonjwa 681 walifika na maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Kati yao 152 walikuwa na shambulio la moyo. Kwa wastani walikuwa wameshakaa na dalili siku zaidi ya 6 kabla ya kufika! Ndani ya siku 30, zaidi ya 4 katika kila 10 walikuwa wamefariki. Hizo siku 6 ndizo zinaniumiza. Sidhani sisi wa Ruvuma tuna haraka kuliko wao.

Sasa dalili. Wengi tunangoja maumivu makali ya kuchoma. Mara nyingi ni kubanwa, kama umewekewa gunia la kahawa kifuani, dakika kadhaa bila kuachia, au inakuja na kuondoka. Inaweza kupanda shingoni, kwenye taya, mgongoni, au kushuka mkononi. Jasho la baridi, kizunguzungu, kukosa pumzi, kutapika. Wanawake, wazee na wenye kisukari wanaweza wasisikie kabisa kifua kuuma. Wanapata uchovu wa ghafla usioelezeka, pumzi kukata, au tumbo la juu kusumbua. Hapo ndipo "vidonda vya tumbo" vinapata lawama isiyo yake. Kama una presha, kisukari, au unavuta sigara, usijipe moyo kwamba ni gesi.

Ikitokea, acha kila kitu, kaa chini, ita mtu. Usiendeshe mwenyewe, na bodaboda iwe ya mwisho kabisa, ukizimia njiani utaanguka. Kama huna aleji ya aspirini wala tatizo la kutokwa damu au vidonda vya tumbo, kutafuna miligramu 300 husaidia, ila isikucheleweshe kuondoka. Mtu akizimia na hapumui kawaida, mbonyeze katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike.

Ukifika, usiseme "nina gesi". Sema: "Kifua kinabana tangu saa fulani, nahofia moyo," na uombe kipimo cha umeme wa moyo, kile cha kubandika nyaya kifuani. Kikitoka safi na bado unaumwa, omba kirudiwe. Si kila zahanati inacho, kwa hiyo ulizia leo ukiwa mzima ni wapi karibu nawe kipo. Kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga ni kama kilomita 66, na Mbinga hadi Songea karibu 100. Lami ipo, lakini saa 8 usiku gari huwa halipo barabarani likikusubiri. Uwe na namba za madereva wawili.

Na duka? Mimi nimeshaandika ujumbe wa kujijibu wenyewe kwenye WhatsApp ya biashara: "Samahani, nina dharura ya afya. Oda yako ipo salama, dada yangu atakupigia." Dada anajua daftari la oda lilipo, nani kalipa na nani bado. Namba ya siri ya pesa sijampa, ila nimemwachia akiba ya nauli ya gari kwenye simu yake, na tumekubaliana haiguswi kununua mzigo.