Nyumba ya Chaza ya Boston: Kuta Zimebaki, Mlaji Je?

Mwaka wa 1826 Mazrui wangali wakitawala Mvita. Bendera ya Kiingereza ambayo Kapteni Owen aliipandisha hapa mwaka wa 1824 iliteremshwa mwaka huo, na Muyaka bin Haji alikuwa yu hai, akitunga. Mwaka uo huo, katika mji wa Boston, pwani ya mashariki ya Marekani, watu wawili, Atwood na Bacon, walifungua nyumba ya kuuzia chaza katika mtaa wa Union.

Tangu hapo Mazrui wameondoka, Mabusaidi wamekuja wakapita, Mwingereza naye amekuja akaenda zake. Nyumba ile ingali ikiuza chaza. Siku hizi huitwa Union Oyster House, na Wamarekani huihesabu kuwa mkahawa mkongwe kuliko yote nchini mwao unaoendelea na kazi yake. Mwaka wa 2003 serikali yao iliitia katika orodha ya mahali pa historia ya taifa.

Jengo lenyewe ni la kale zaidi kuliko mkahawa. Ni la matofali, dari zake ni za chini na sakafu zake ni za mbao. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 18, wakati bahari ilipokuwa ikifika karibu na mlango wa nyuma, na ndani yake palikuwa na duka la nguo. Baadaye bahari ilijazwa udongo ikasukumwa mbali. Ghorofani, kuanzia mwaka wa 1771, Isaiah Thomas alichapa gazeti lake la Massachusetts Spy, lililowachochea watu dhidi ya utawala wa Mwingereza. Husimuliwa pia kwamba Louis Philippe, Mfaransa wa ukoo wa kifalme aliyekuwa mkimbizi, alipanga chumba humo akajitafutia riziki kwa kusomesha Kifaransa. Mwaka wa 1830 akawa mfalme wa Ufaransa. Waama, dunia ni mviringo.

Mgeni akiingia hukuta meza ya mbao iliyopinda mfano wa mwezi mchanga. Nyuma yake husimama wafunguaji, kila mmoja na kisu chake kifupi kisicho makali. Hukitia kwenye bawaba ya kombe, hukizungusha, hukata msuli, na kombe likafunguka bila ya maji yake kumwagika. Chaza huliwa papo hapo, mbichi, juu ya barafu, kwa ndimu. Sharti awe hai mpaka dakika ya kufunguliwa. Aliyekwisha achama, na akiguswa hafumbi, hutupwa. Katika meza hiyo, husimuliwa, Daniel Webster, msemaji mashuhuri wa Marekani katika karne ya 19, alikuwa akimaliza sahani sita kwa kikao kimoja. Na ghorofani kuna kibanda nambari 18, alichokipenda Rais John F. Kennedy.

Najua wasomaji wengi watakunja uso. Kibichi chetu sisi ni embe na kachumbari. Cha baharini ni lazima kione moto. Lakini chaza mwenyewe si tatizo kubwa kwa Mwislamu. Sura ya Al-Maida, aya ya 96, imehalalisha vivuliwavyo baharini, na wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi hapa Pwani, wamelipanua jambo hilo, ilhali wa Hanafi wamekomea kwa samaki. Mwenye shaka na amuulize shekhe wake. Tatizo limo chunguni. Ile supu nzito ya makombe, maziwa, viazi na vitunguu, ambayo ndiyo fahari ya upande ule, aghalabu huanzwa kwa mafuta ya nguruwe wa chumvi. Maharagwe ya Boston, yapikwayo kwa asali ya miwa, nayo hutiwa nyama iyo hiyo. Mwenye kufika huko na aulize kabla ya kutia kijiko. Yupo kamba wa kuchemshwa, mwenye magando mawili makubwa ambayo kamba mawe wetu hana, na upo mkate wa mahindi.

Mji huo si mgeni kwetu kama unavyodhaniwa. Kiasi cha maili 15 kutoka Boston iko bandari ya Salem, na ni majahazi ya Salem yaliyoizoea Unguja zamani za Sayyid Said. Mwaka wa 1833 Sayyid alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka wa 1837 akaja balozi wao wa kwanza, Richard Waters, mtu wa Salem. Walichukua pembe za ndovu, wakatuletea nguo iliyofumwa katika viwanda vya jimbo lao la Massachusetts. Nguo hiyo tuliiita merikani, na jina hilo hata leo halijatutoka.

Basi liko jambo la kuzingatia katika nyumba hii. Katika karne ya 19 chaza hakuwa chakula cha matajiri huko Marekani. Aliuzwa mitaani, na kibarua na bwana wake walimla sawasawa. Kisha chaza walivunwa kupita kiasi, maji ya miji yakachafuka, chaza akaadimika, na bei ikapanda. Leo wengi huko ni wa kufugwa, na sahani yao ni ya mwenye pesa na ya mtalii. Kuta zimebaki, meza imebaki, kisu kimebaki. Aliyeondoka ni mlaji wa kwanza.

Nasi tunayo mawe ya fahari. Ngome ya Mombasa, iliyoanzwa mwaka wa 1593, iliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2011, na Lamu iliitangulia mwaka wa 2001. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini chungu chetu kimeandikwa na nani? Samaki wa kupaka, mahamri kwa mbaazi, viazi vya karai, supu ya pweza ya kando ya njia, hivi vyote bado viko mikononi mwa mama na wachuuzi, na bado mchukuzi wa bandarini huvila. Hiyo ni neema ambayo Boston imeipoteza, na ambayo nyumba kongwe peke yake haiwezi kuirudisha.

Kwa hivyo tusingoje chakula chetu kiwe adimu ndipo tukijengee makumbusho. Mabinti na wavulana wafundishwe mapishi na wayaandike. Mikoko iachwe isimame, kwani ndimo samaki wakuliamo na ndimo chaza wetu waning'iniamo mizizini. Na wakubwa wa mji, wanapopanga kuusafisha Mji wa Kale, wamwachie muuza pweza nafasi yake. Siku mchukuzi atakaposhindwa kununua bakuli la supu ile, hata tukizipaka chokaa nyumba zote, tutakuwa tumehifadhi mawe tu.