Hati za talaka: Safari ya mihuri kutoka Nyeri hadi ng'ambo

KATIKA vijiji vya Endarasha, eneo la Kieni, Kaunti ya Nyeri, ndoa nyingi hufungwa kwa ruracio na ngurario, na baadhi yake huvunjika kwa njia iyo hiyo. Wazee wa pande mbili hukutana, suala la mahari hujadiliwa, mke hurudi kwao, na kila jirani hujua kwamba mambo yamekwisha. Ushahidi wa jirani, hata hivyo, hauna uzito mbele ya msajili wa ndoa nchini Ujerumani au katika Milki za Kiarabu. Afisa huyo hutaka karatasi, tena karatasi iliyopitia mikononi mwa afisi kadhaa, nyingi zikiwa Nairobi.

Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano: za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Kwa mujibu wa sheria hiyo, ndoa ya kimila nayo huvunjwa rasmi na mahakama. Wazee wanaweza kuwapatanisha wanandoa, na sheria yenyewe inaruhusu upatanishi wa kimila kabla ya kesi, lakini uamuzi wao hauwezi kuchukua nafasi ya amri ya hakimu. Mwanamke aliyeachana na mumewe mbele ya wazee miaka kumi iliyopita, na ambaye sasa ameposwa na mwanamume aishiye ng'ambo, huenda akagundua kwamba machoni pa sheria angali mke wa mtu. Kiapo cha chifu au cha wakili kwamba waliachana hakitoshi. Inambidi aanze mwanzo, kwa ombi la talaka mahakamani.

Kwa Waislamu, talaka hufuata sheria ya Kiislamu, na kadhi, sheikh au imamu aliyeitoa hutakiwa kumpelekea msajili wa ndoa nakala yake. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo husahauliwa, na athari zake huonekana baada ya miaka, mhusika anapohitaji kuthibitisha hali yake.

Hata aliye na karatasi ya mahakama anafaa kuisoma kwa makini. Mahakama hutoa kwanza amri ya awali ya talaka, kisha, muda uliowekwa unapokwisha, amri ya mwisho. Wapo wanaoondoka na ile ya kwanza wakidhani kesi imekwisha. Afisa wa ubalozi huitambua mara moja, na ombi hukataliwa papo hapo.

Akishapata amri ya mwisho, mkazi wa Endarasha huanza safari ya mihuri. Kituo cha kwanza ni masjala ya mahakama iliyotoa talaka, tuseme ile ya mjini Nyeri, ambako huomba nakala iliyothibitishwa kuwa sawa na ile iliyo kwenye faili. Nakala iliyopigwa dukani haifai, hata iwe safi namna gani. Kisha saini na mhuri wa mahakama huthibitishwa na afisi ya Msajili wa Mahakama Kuu. Baada ya hapo hati hupelekwa katika Wizara ya Mashauri ya Kigeni jijini Nairobi, ambayo nayo huthibitisha saini ya msajili. Mwisho ni ubalozi wa nchi inakokwenda hati hiyo, nao huthibitisha mhuri wa wizara. Kila afisi humtambua tu yule aliyetia saini kabla yake. Hakuna hata moja inayouliza kama talaka yenyewe ilikuwa ya haki. Kwa Milki za Kiarabu, hati ikishafika huko huthibitishwa tena na wizara ya mashauri ya kigeni ya nchi hiyo.

Mzunguko huu una sababu yake. Mnamo Oktoba 5, 1961, mataifa kadhaa yalitia saini mkataba jijini The Hague ulioondoa mlolongo huo na kuweka cheti kimoja, kiitwacho apostili. Burundi ilianza kuutumia mwaka wa 2015, na Rwanda mwaka wa 2024. Kufikia mwisho wa 2024 Kenya haikuwa mwanachama. Uanachama wa nchi moja hausaidii kitu: Oman, Uingereza na Ujerumani zimo katika mkataba huo, lakini hati inayotoka katika nchi isiyo mwanachama haiwezi kubandikwa apostili. Anayekuahidi apostili ya haraka kwa hati ya nchi kama hiyo anakuuzia mhuri bandia.

Ujerumani ina utaratibu wake, nao huwashangaza wengi. Ubalozi wake jijini Nairobi uliacha kuhalalisha hati za Kenya kwa mhuri. Badala yake, afisi ya Ujerumani inayoshughulikia ombi ndiyo huomba hati zichunguzwe, kwa gharama ya mwenye ombi. Wakili anayeaminiwa na ubalozi hutumwa kulinganisha hati na faili yenyewe katika masjala. Faili isipopatikana, au tarehe zikikosa kulingana, mihuri yote iliyokusanywa haifui dafu. Aidha, talaka iliyotolewa nje huhitaji kutambuliwa na idara ya haki ya jimbo husika la Ujerumani, isipokuwa pale ambapo wanandoa wote wawili walikuwa raia wa nchi iliyotoa talaka. Wakenya wawili walioachana Nyeri kwa hivyo wana njia fupi kuliko Mkenya aliyeachana na Mjerumani katika mahakama iyo hiyo.

Si kila nchi hudai mlolongo mzima. Kwa viza ya mchumba kwenda Marekani, kwa mfano, mwombaji huonyesha hati asili au nakala iliyothibitishwa na mahakama. Ni busara basi kuiuliza kwanza afisi itakayopokea hati, kwa maandishi, kabla ya kupanda matatu ya Nairobi.

Kinachokwamisha wengi zaidi ni jina. Cheti cha ndoa kinasema Wanjiru, kitambulisho kinasema Wanjiro, pasipoti ina jina la mume wa zamani. Karani wa Nyeri hujua kwamba ni mtu mmoja. Karani wa Munich hajui, wala hana sababu ya kukisia. Tofauti kama hizi hurekebishwa kabla ya mhuri wa kwanza, kwani kosa likishathibitishwa na afisi tatu huwa limethibitishwa mara tatu.

Anayenuia kuolewa tena ng'ambo huhitaji pia cheti cha kutokuwa na kizuizi cha ndoa kutoka kwa msajili wa ndoa, naye huitaka ile amri ya mwisho. Mwenye watoto akumbuke kwamba malezi mara nyingi huamuliwa katika kesi nyingine, na amri hiyo huhitaji mihuri yake yenyewe. Aliye tayari nje ya nchi anaweza kumpa wakili au jamaa aliyebaki nyumbani mamlaka ya kisheria ya kumfuatilia faili, kwa hati iliyotiwa saini katika ubalozi wa Kenya huko aliko. Nambari ya kesi ndiyo itakayoulizwa kwanza masjalani, na jamaa asiye nayo hurudi Endarasha mikono mitupu.