Gari ya telekomande: alama ikikatika, itafanya nini?



Mwaka uliopita mimi na mdogo wangu tulijenga gari ndogo ya telekomande, ya kipimo 1/10. Nilitaka baadaye ivute kigari cha mbegu kwenye shamba la majaribio. Siku ya kwanza tukaijaribu njiani, mtaani kwetu Bukavu, na munajua mitelemko yetu. Ikapita nyuma ya ukuta. Nikaachilia komande, lakini gari haikusimama. Ikaenda paka ikagonga mguu wa mtoto wa jirani. Mungu alisaidia, alichubuka tu. Lakini nilisikia haya sana mbele ya mama yake. Licence yangu ya agronomia haikusimamisha ile gari.

Usiku nikatafuta kosa. Kumbe gari haikuharibika. Ilikuwa inatii amri ya mwisho niliyoipa.

Inatendeka hivi. Telekomande inatuma amri mara nyingi kila sekunde. Kipokezi ndani ya gari kinazipokea na kuzigawa: servo inakata kona, variateri inapima umeme wa moteri. Vifaa vingi vya leo vinatumia mawimbi ya 2.4 GHz, yenye urefu wa sentimita 12.5 hivi. Mawimbi hayo yanazuiliwa na chuma, ukuta na maji. Hata majani ya mahindi yaliyolowa yanayapunguza. Sisi watu wa shamba tulikumbuke hilo. Alama ikikatika, kuna vipokezi vinavyoshika amri ya mwisho, na kuna vinavyofanya kile ulivifundisha. Mafundisho hayo ndiyo yanaitwa feilsefu. Sisi hatukuwa tumeipanga.

Na gari ya kilo 2, ikikimbia kilomita 40 kwa saa, inapita mita 11 kwa sekunde moja. Hauna muda wa kupiga kelele.

Kwa hiyo, mbele ya kutoka inje:

1. Anteni. Sehemu inayofanya kazi ni ncha ya waya, sentimita 3 hivi. Usiikate, usiikunje, usiilaze karibu na betri, moteri ao chuma. Zikiwa mbili, zielekeze moja huku, ingine kule, kama pembe ya kitabu. Yangu ilikuwa imekunjwa chini ya kifuniko cha chuma.

2. Kipokezi. Kifunge ndani ya sifongo, mbali na moteri na waya minene. Funga waya zote zisiguse meno ya giya.

3. Feilsefu. Ipange isimamishe moteri. Kisha weka gari juu ya tofali, magurudumu yasiguse chini. Yazungushe polepole, zima telekomande. Yasiposimama, gari haitoki.

4. Utaratibu. Telekomande inawashwa ya kwanza na kuzimwa ya mwisho. Kila siku.

5. Umbali. Gari ikiwa bado juu ya tofali na mwenzako akiiangalia, tembea na telekomande paka upite fasi unayotaka kuiendeshea. Servo ikianza kutetemeka yenyewe, rudi kwenye anteni.

6. Betri ya lityumu. Kila seli isipite volti 4.2, isishuke chini ya 3. Ikivimba, usiitumie tena. Na hapa tuseme ukweli: umeme ukirudi saa nane ya usiku, tunachomeka tunalala. Kwa betri hii, hapana! Inaweza kuwaka moto. Tumia chaja yake, juu ya sementi, ukiwa macho.

Tena chagua uwanja usio na watu, siyo barabara.

Siku hizi yule mtoto wa jirani ndiye anakagua. Ninazima telekomande makusudi, yeye anainama kwenye tofali na kuangalia magurudumu. Yakisimama, anasema: «Sawa, yaya, tunaweza kwenda.» Asiposema, hatuendi.