Kituo cha Insha: Uandishi wa Aya ya Hitimisho katika Insha za Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanajadili uandishi wa aya ya hitimisho katika insha za uhakiki zinazoandikwa na wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Yanabainisha mazoea matatu yanayoidhoofisha aya hiyo, yaani muhtasari mtupu, mahubiri na hukumu ya jumla juu ya mwandishi. Kisha yanapendekeza kwamba dhana ya kituo katika ushairi wa Kiswahili, hususan kituo nusu bahari, inaweza kuwa nyenzo ya kueleza na kufundishia hitimisho bora. Mfano unaochambuliwa ni wa insha kuhusu tamthiliya ya Kinjeketile. Makala yanadai kwamba hitimisho ni mahali ambapo mwanafunzi anatoa uamuzi wake mwenyewe, na kwamba akinyimwa nafasi hiyo uhakiki wenyewe hubaki nusu.

1.0 Utangulizi

Katika ufundishaji wa insha, sehemu ya mwisho ndiyo inayopewa muda mchache kuliko zote. Mwanafunzi huelekezwa namna ya kulifafanua swali, kupanga hoja na kutoa mifano kutoka kitabuni. Kuhusu hitimisho, mara nyingi huambiwa tu afupishe aliyokwisha kuyasema. Matokeo yake ni aya ambayo msomaji anaweza kuiruka bila kupoteza kitu.

Suala hili si la mapambo. Anayehakiki kazi ya fasihi huanza na dai, hulipitisha katika ushahidi, na mwishoni hupaswa kusema dai hilo limekuwaje baada ya safari hiyo. Ikiwa dai limetoka kama lilivyoingia, ama ushahidi haukuwa na kazi yoyote, ama mwandishi wa insha hakuuona ulichokifanya. Mifano ya aya inayotolewa hapa tumeitunga wenyewe ili kuwakilisha mielekeo tunayoijadili. Haikunukuliwa kutoka kwa mwanafunzi yeyote.

2.0 Mazoea Matatu

Zoea la kwanza ni muhtasari. Aya huanza kwa "kwa kuhitimisha, tumeona kwamba", kisha hoja zote huorodheshwa upya kwa mpangilio uleule. Katika kitabu kizima muhtasari una manufaa, kwa kuwa msomaji aweza kuwa amesahau sura ya kwanza. Katika insha ya kurasa nne, msomaji hajasahau lolote.

Zoea la pili ni mahubiri. Mwanafunzi huiacha kazi ya fasihi na kuigeukia jamii kwa maagizo. Chukua riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Insha nyingi kuihusu zinaweza kumalizikia kwenye agizo kwamba wazazi wawalee watoto wao vizuri. Ugumu ni kwamba Zakaria, baba yake Rosa, anaamini kuwa ukali wake ndio malezi mema. Neno "vizuri" ndilo hasa linalotiwa shaka na riwaya. Anayelitumia katika hitimisho kana kwamba maana yake ni wazi amelirudisha swali mahali lilipokuwa kabla riwaya haijaandikwa.

Hatusemi kwamba funzo halina nafasi. Fasihi ya Kiswahili ina mapokeo marefu ya mawaidha, na Utenzi wa Mwanakupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama kwa ajili ya binti yake, ni ushahidi tosha. Hata hivyo, mhakiki wa utenzi huo hana budi kuuliza ni nani anayeusia, anamuusia nani, na usia huo unatokana na hali gani ya maisha. Akiyarudia mawaidha tu, amekuwa mrithi wa mtunzi na si mhakiki wake.

Zoea la tatu ni hukumu ya jumla. Katika mapokeo ya uhakiki wa shuleni, hasa nchini Tanzania, uchambuzi hugawanywa katika fani na maudhui, na mwisho huwekwa kipengele cha kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Kipengele hicho kilikusudiwa kumzoeza mwanafunzi kutathmini. Kwa kurudiwarudiwa, kimegeuka kauli isiyogusa kitabu chochote: "mwandishi amefaulu kwa kiwango kikubwa kifani na kimaudhui". Sentensi hiyo yaweza kuhamishwa kutoka insha ya Kusadikika hadi ya Rosa Mistika bila kubadilishwa neno.

3.0 Dhana ya Kituo

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wanayo tayari dhana inayoweza kuwasaidia, nayo ni kituo. Katika shairi, mshororo wa mwisho wa ubeti huitwa kituo, na wanaarudhi hutofautisha aina tatu. Kituo bahari hurudiwa bila mabadiliko katika kila ubeti. Kituo nusu bahari hurudiwa kipande kimoja tu, na kipande cha pili hubadilika kulingana na ubeti. Kituo kimalizio hubadilika chote na hukamilisha wazo la ubeti wake.

Tukiuhamishia mgawanyo huu kwenye insha, muhtasari unafanana na kituo bahari. Tofauti ni kwamba katika shairi marudio hayo yana kazi: huitikiwa, hujenga wizani na hukaza ujumbe. Katika nathari ya kihakiki hayaitikiwi na mtu. Kwa upande mwingine, mahubiri na hukumu ya jumla ni mfano wa kituo kimalizio kilichopotoka: maneno ni mapya, lakini hakuna wazo la ubeti linalokamilishwa.

Hitimisho tunalolipendekeza ni la mwendo wa nusu bahari. Kipande kimoja kinarudi kwenye dai la utangulizi, tena kwa neno lake kuu, ili msomaji atambue kwamba bado tupo katika swali lilelile. Kipande cha pili kinasema jambo ambalo lisingeweza kusemwa katika utangulizi, kwa kuwa ushahidi wake ulikuwa haujatolewa. Upya huo hautokani na tukio ambalo halikutajwa katika kiini cha insha. Unatokana na kuyaweka pamoja matukio yaliyokwisha kuchambuliwa na kuona yanachokisema kwa umoja wao.

4.0 Mfano: Insha kuhusu Kinjeketile

Tuchukue swali hili: "Kinjeketile ni kiongozi shujaa. Jadili." Tamthiliya ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilichapishwa mwaka 1969 na inahusu Vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa kati ya mwaka 1905 na 1907 dhidi ya utawala wa Wajerumani. Tuseme mwanafunzi ameandika kiini kizuri: ameeleza jinsi Kinjeketile anavyoyaunganisha makabila kwa maji, jinsi shaka inavyomwingia kuhusu ujumbe alioupokea, jinsi wapiganaji wanavyoanza vita bila kungoja amri yake, na jinsi anavyokataa kuyakana maji baada ya kukamatwa. Kisha anamaliza hivi:

"Kwa kuhitimisha, tumeona kwamba Kinjeketile ni kiongozi shujaa kwa sababu anawaunganisha watu, anawapa matumaini na hakubali kuukana ujumbe wake. Viongozi wetu wanapaswa kuiga mfano huo. Kwa jumla, mwandishi amefaulu kwa kiwango kikubwa."

Mazoea yote matatu yamo katika sentensi tatu. Lililo baya zaidi ni kwamba shaka ya Kinjeketile, ambayo mwanafunzi mwenyewe aliichambua, imetoweka. Hitimisho limefuta sehemu bora ya insha. Linganisha na aya hii:

"Ushujaa wa Kinjeketile, basi, haumo katika kuwaongoza watu vitani, maana vita vinaanza huku yeye akisita. Umo katika kukubali kulibeba neno lililokwisha kumtoka mikononi. Anapotakiwa akane, anajua kwamba maji hayakuzuia risasi. Anajua pia kwamba umoja uliozaliwa na maji hayo ulikuwa wa kweli. Kwa kukataa, anaulinda ukweli wa pili kwa gharama ya ule wa kwanza. Tukimwita shujaa, hatuna budi kukubali kwamba uaminifu wake kwa vizazi vijavyo unadai ukimya mbele ya waliokwisha kufa."

Neno "shujaa" limerudi, na hicho ndicho kipande cha bahari. Hata hivyo, maana yake imebadilika: mwanzoni lilimhusu anayeongoza, sasa linamhusu anayebeba. Hakuna tukio jipya lililoingizwa. Aidha, aya haikuhubiri, ingawa msomaji anabaki na jambo zito la kulifikiria kuhusu uongozi. Mtu aweza kuipinga hoja hiyo, na uwezekano wa kupingwa ndio unaoonyesha kwamba kuna jambo lililosemwa.

5.0 Mapendekezo kwa Ufundishaji

Hatua tatu zinaweza kutumika darasani. Kwanza, mwanafunzi afunike utangulizi wake, asome kiini pekee, kisha aandike sentensi moja inayojibu swali: sasa ninajua nini ambacho sikukijua nilipoanza? Sentensi hiyo ndiyo mbegu ya hitimisho. Pili, alitafute neno kuu la swali na kueleza namna ushahidi ulivyolipanua, ulivyolibana au ulivyolipindua. Tatu, afanye jaribio la jina: abadilishe jina la kitabu katika aya yake ya mwisho. Sentensi yoyote inayobaki kuwa kweli kwa kitabu kingine ifutwe.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Yaweza kudaiwa kwamba mwanafunzi aliye dhaifu anahitaji kauli za kujishikiza, na kwamba chumba cha mtihani hakina muda wa tafakuri. Ni kweli kwamba kauli za mazoea humwezesha kumaliza. Lakini sentensi mbili zinazotoka katika ushahidi wake hazichukui muda zaidi ya sentensi tano za kuorodhesha. Zinachokidai ni ruhusa. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba jibu la mwisho limo katika mwongozo wa usahihishaji hatathubutu kuamua, hata akipewa saa nzima.

6.0 Hitimisho

Tulianza kwa kulichukulia hitimisho kuwa tatizo la uandishi. Mfano wa Kinjeketile unaonyesha kwamba ni tatizo la usomaji pia: mwanafunzi wa aya ya kwanza aliiona shaka ya mhusika, akaichambua, kisha akaiacha nje kwa sababu umbo alilofundishwa halikuwa na mahali pa kuiweka. Kwa hiyo mwalimu anayesahihisha aya ya mwisho asiishie kuuliza iwapo hoja zimefupishwa. Aangalie ni kitu gani mwanafunzi alikiona katikati ya insha na hakukifikisha mwisho. Hapo ndipo mazungumzo yao kuhusu kitabu yanapopaswa kuanzia.