Kinachoudhi Kazini Sicho Kinachofurahisha

Mwalimu mwanagenzi wa sekondari ya msingi nchini Kenya alikuwa akilipwa Sh20,000 kwa mwezi, kabla ya makato. Vipindi vyake vilikuwa vile vile vya mwenzake mwenye ajira ya kudumu. Aprili 2024, Mahakama ya Ajira jijini Nairobi iliamua kwamba Tume ya Huduma za Walimu haina mamlaka ya kuajiri wanagenzi. Mwezi uliofuata walimu hao walisusia madarasa, na Januari 2025 walimu 46,000 hivi wakaingizwa katika ajira ya kudumu yenye pensheni. Je, sasa wameridhika?

Mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake walichapisha mwaka 1959 utafiti uliowahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Waliosimulia furaha ya kazi walitaja mafanikio, kutambuliwa na kukabidhiwa majukumu. Waliosimulia machungu walitaja sera za mwajiri, wasimamizi, mshahara na mazingira. Herzberg akahitimisha kwamba kuondoa maudhi hakuleti furaha. Huacha tu nafasi ambayo furaha inaweza kuingia.

Kandarasi ya muda mfupi huijaza nafasi hiyo wasiwasi. Mwenye mkataba wa mwaka mmoja hupata shida kukopa kwenye chama cha akiba, na husita kulalamika kwa mkuu ambaye kesho atapendekeza mkataba uendelee au ukome. Madaktari wa umma walipogoma siku 56, kuanzia Machi 14 hadi Mei 8, 2024, kikwazo kikubwa kilikuwa posho ya wanagenzi: Sh206,000 zilizokubaliwa 2017, serikali ikitaka kulipa Sh70,000. Hawakuwa wameichoka tiba. Walichoka kuahidiwa.

Lakini barua ya ajira ya kudumu nayo ina mpaka wake. Daktari anayeandika dawa akijua duka la dawa la hospitali ni tupu hurudi nyumbani mnyonge, hata kama pensheni yake iko salama. Mwalimu aliyekaa daraja moja miaka kumi, hakuna aliyemwambia amefanya vyema, huhesabu siku za kustaafu.

Wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema, na kwa aliye na njaa ni kweli. Mwajiri asijifiche nyuma ya methali hiyo. Ampe mfanyakazi uhakika wa kesho, kisha ampe dawa za kutibia, vitabu vya kufundishia, na neno la shukrani anapostahili.